Kilichokuwa Mfukoni mwa Chizuru

Rafiki yangu Chizuru, mpiga picha wa ndege aina ya korongo huko Kushiro, Japani, hapendi kuulizwa habari hii. Mchana ule alikwenda mtoni kupiga picha chache tu arudi. Ghafla dhoruba ya theluji ikavuma, na Genzo, mwenye kibanda cha jirani, akamwita aingie.

"Dada, usiingize kamera hivyo hivyo! Ikikutana na joto italowa mpaka tumboni. Ifunge mfukoni kwanza."

"Kaka Genzo, kwani mimi nimeanza jana?"

Chizuru akatoa betri za kamera, akazitia kwapani zisiishiwe nguvu kwa baridi, kisha akaifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, akaingia nao kibandani. Genzo akatoka kwenda kuleta gari.

Mara theluji ikaporomoka kutoka paani, ikaziba mlango na dirisha. Kukawa giza totoro. Chizuru akausukuma mlango kwa bega, haukutikisika. Akapiga kelele, sauti ikamezwa palepale.

Ndipo akasikia: kacha.

Kimya. Kisha tena: kacha. Ulikuwa mlio wa kamera ikipiga picha, nao ulitoka mfukoni. Akapapasa kwapani. Betri zote zilikuwepo, zina joto la mwili wake. Kacha. Akajibanza ukutani, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Hatimaye koleo la Genzo likafungua njia, mwanga ukaingia.

"Dada, u mzima?"

 Chizuru alikuwa anautazama mfuko. Fundo lilikuwa vilevile alivyolifunga. Plastiki ilitandwa na ukungu kwa ndani, na mbele ya lenzi palikuwa na duara dogo lililopanguswa kwa vidole, kutoka ndani.