Hapana Kumi za Willis

Kila asubuhi Willis Ondiek alikohoa mara tatu bafuni. Mkewe, Roseline, akiwa jikoni anachemsha chai, alizihesabu. Zikiwa tatu, aliendelea na chai yake. Zikizidi, alichukua inhela, kile kichupa cha buluu cha kupuliza dawa mdomoni, akakitia mfukoni mwa koti la mumewe bila kusema neno.

Willis alikuwa na pumu tangu utotoni. Nje ya nyumba yao ya Njiru, Nairobi, jambo hilo halikutajwa kamwe. Alikuwa na sababu yake. Zamani, akiishi Mukuru kwa Reuben, alipanga foleni kila alfajiri kwenye mageti ya viwanda kutafuta kibarua. Siku moja karani aliuliza nani ana ugonjwa wa kifua. Willis, mkweli wa watu, akainua mkono. Akaambiwa arudi nyumbani. Tangu siku hiyo, karatasi yoyote ikimuuliza habari ya ugonjwa, alijibu hapana. Hapana ilimpatia vibarua, kisha ikampatia kazi ya kudumu katika kiwanda cha magodoro. Hakuona kwa nini aiache.

Mwezi wa Agosti walipata safari. Clare, dada yake Roseline, alikuwa mpishi katika hoteli ndogo kisiwani, ng'ambo ya Shimoni, huko pwani. Hoteli ilimruhusu kualika jamaa wawili, na wageni hao wangefundishwa kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Willis alifurahi kupita kiasi. Kwa wiki mbili aliwachosha wenzake kazini akiwaeleza atakavyowasalimia samaki kwa majina. Roseline alicheka naye, lakini moyo wake haukutulia. Alipomuuliza kuhusu kifua, Willis alimwambia hewa ya bahari ni dawa tosha.

Mwalimu wao kisiwani alikuwa mama mmoja mfupi, mpole, aliyeitwa Nthambi. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mitano. Kabla hata hawajagusa maji, aliwapa kila mmoja fomu yenye maswali kumi. Roseline alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Willis hakusoma. Aliandika Hapana kutoka juu hadi chini, upesi, kama mtu anayepiga mihuri, akaenda kujaribu viatu vya kuogelea.

Nthambi alizipitia fomu zote mbili. Akatabasamu kidogo.

"Baba, swali la kumi linauliza kama umeyasoma maswali yote ukayaelewa. Nawe umeandika hapana."

Willis alicheka, akasema kalamu imeteleza. Nthambi hakubishana naye. Alivuta kiti, akasema wasome pamoja, moja baada ya jingine. Moyo? Hapana. Kifafa? Hapana. Masikio? Hapana. Walipofika kwenye pumu, Willis alitazama baharini, akasema hapana kwa sauti kubwa zaidi.

Miaka kumi na tisa ya ndoa Roseline hakuwa amewahi kumpinga mumewe mbele ya mgeni. Aliyatazama yale maji, akautazama ule mtungi. Kisha akafungua mkoba, akaiweka inhela mezani.

"Nisamehe, baba Whitney," alisema. "Hapa siwezi kunyamaza."

Willis alitamani ardhi ipasuke immeze. Bila kungoja kuambiwa, alianza kuvua vile viatu. Alijua mambo ya mageti. Ukishajulikana, unaenda zako.

"Unaenda wapi sasa?" Nthambi aliuliza. "Kaa, baba. Hii fomu si ya kukufukuza. Ni ya kunisaidia nikurudishe kwa watu wako ukiwa mzima."

Willis akakaa. Nthambi akamweleza taratibu. Chini ya maji, hewa hubanwa na uzito wa maji. Ukipanda juu, hewa hiyo hupanuka, kama chapati inavyofura kwenye kikaango. Kwa hiyo mpiga mbizi hupumua wakati wote. Hazuii pumzi hata mara moja. Anayezuia pumzi akipanda, hewa inaweza kupasua mapafu yake.

"Pumu hubana njia za hewa," aliendelea. "Ikikushika huko chini, hewa itanaswa ndani hata kama wewe hujaizuia. Na huko hakuna mahali pa kupulizia hii dawa."

Willis aliichukua inhela mezani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo mtu wa pumu hawezi kabisa?"

Nthambi alimwambia wengine huruhusiwa, wengine hawaruhusiwi. Daktari ndiye huamua, baada ya kupima kifua. Si yeye Nthambi, wala si Willis. Siku hiyo Willis hangepiga mbizi. Roseline, ambaye fomu yake haikuwa na tatizo, angeweza.

Roseline alisita. Hakutaka kumwacha mumewe na aibu yake. Lakini Willis mwenyewe akamwambia, "Nenda, mama Whitney. Mimi nitakungoja."

Saa nzima Roseline alifundishwa kwenye maji ya kifuani. Alijifunza kubana pua na kupuliza taratibu, masikio yasiume. Alijifunza kupanda polepole. Kisha wakaenda kwa mashua hadi kwenye matumbawe, naye akazama na Nthambi.

Willis alibaki juu na nahodha. Aliyatazama mapovu yakipanda, moja, mawili, manne. Yalipochelewa kidogo, aliinama ukingoni mwa mashua. Yaliporudi, alipumua. Alikuwa katikati ya kuyahesabu ndipo alipokumbuka jikoni kwake, na ukimya wa Roseline kila asubuhi. Aliona haya kweli. Miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa chini, na mkewe ndiye aliyekaa juu akihesabu.

Roseline alipoibuka, akiwa na alama ya miwani usoni, Willis alimshika mkono kwa nguvu hata nahodha akageuka pembeni. Ahueni kama hiyo hakuwahi kuipata kabla, isipokuwa siku mtoto wao Whitney alipozaliwa.

"Umeona samaki?" aliuliza.

"Nimewaona. Wamekusalimia."

Waliporudi Nairobi, Willis alikwenda kliniki. Alipewa fomu, akaisoma yote. Penye pumu aliandika Ndiyo. Hakuna aliyemfukuza. Daktari alimpima, akamwambia inhela ya buluu ni ya kutuliza tu anapobanwa. Akampa nyingine, ya kahawia, ya kutumia asubuhi na jioni hata akijisikia mzima, asukutue mdomo kila akimaliza. Willis aliyekwisha onja ukweli akamwambia na msimamizi wake kazini. Alihamishwa kutoka penye vumbi la sponji, akapelekwa stoo. Kuhusu kupiga mbizi, daktari alisema watapima tena baadaye.

Wiki kadhaa zilipita. Asubuhi moja Roseline alikuwa jikoni, chai motoni, sikio bafuni. Alingoja kikohozi cha kwanza. Hakikuja. Akangoja tena. Kimya. Aliacha sufuria, akakimbia kugonga mlango.

"Baba Whitney, uko sawa?"

Maji yalifungwa. Willis akafungua mlango, povu la dawa ya meno mdomoni, akamtazama mkewe aliyekuwa akihema.

"Ndiyo," alisema.

Huko jikoni chai ilifurika ikazima moto, na hakuna aliyekwenda kuiokoa.