Uzee Uliohama Kadi

Asubuhi hiyo wodini walikuwepo bibi wa kitanda cha sita, mkamwana wake mwenye mtoto mgongoni, muuguzi, mama mfagiaji, na daktari, kama mtu anayesimama mlangoni mikono mfukoni naye huhesabiwa kuwa alikuwepo.

"Huyu ana miaka mingapi?" daktari aliuliza. Hakumtazama bibi.

"Themanini na moja," muuguzi alisoma kwenye kadi.

"Basi. Uzee."

Akapokea kadi, akaandika. Vitanda vitano vya mwanzo navyo alikuwa ameviandikia neno hilo hilo, kwa mwandiko uleule wa kuku aliyechakura. Kusoma kote kule, miaka nenda miaka rudi, kumbe ni ili ajue neno moja!

"Baba," bibi alisema, "uzee ninao huu mwaka wa ishirini. Maumivu haya yamekuja Jumanne. Nishike hapa ubavuni, uone."

"Dawa ya uzee haipo, bibi. Nenda ukacheze na wajukuu."

Mkamwana alitaka kusema neno, akaishia kukaza kanga ya mtoto mgongoni. Heshima nyingine ni kitanzi. Aliyesogea ni mama mfagiaji. Aliweka chini tambara la deki, akafuta mikono, akafikicha viganja mpaka vikapata moto, asije akamshtua mgonjwa kwa baridi. Kisha akamgusa bibi ubavu wa kulia.

"Daktari, hapa pagumu kama jiwe."

"Na wewe umehitimu lini? Maliza sakafu."

Bibi akacheka kidogo. Akaushika ule mkono wenye joto.

"Asante, mwanangu. Mwache. Neno lake nitamrudishia."

Saa tisa mchana akakata roho.

Kesho yake mkamwana alirudi kuchukua nguo za marehemu, akapewa na kadi. Aliitazama. Akaitazama tena. Mahali pa lile neno palikuwa peupe. Hapakufutwa. Peupe tu, kama hapajawahi kuguswa na kalamu.

"Dada, mbona hapa..." alinong'ona.

Muuguzi aliweka kidole mdomoni, akamwonyesha meza ya daktari kwa macho.

Daktari alikuwa akiandika jina la kijana aliyevunjika mguu. Kalamu ikaandika: Uzee. Akakata. Akaandika upya. Uzee. Akabadilisha kalamu. Uzee. Jasho likamtoka. Ghafla akajishika ubavu wa kulia.

"Njoo unishike hapa," alimwita daktari mwenzake. "Pagumu."

Mwenzake akaja. Akasimama mlangoni. Mikono mfukoni.

"Ah, bwana we! Uzee huo." Akacheka, akaenda zake kunywa chai.

Lakini kicheko kilibaki. Kidogo. Kilitoka kitanda cha sita. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limebonyea katikati. Mtoto mgongoni akanyoosha mkono kule, akatabasamu.

Hakuna aliyethubutu kusogea, ila mama mfagiaji. Alifikicha viganja, akamwendea daktari.

"Nikushike, baba?"

"Usiniguse na mikono yako ya deki!"

Akarudi nyuma taratibu, akaokota tambara lake.

Daktari alizikwa Jumanne. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kwenye kadi yake kuna neno moja tu, na muuguzi anaapa kwamba mwandiko ni wa daktari mwenyewe.