Skrubu ya Chini

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia ua, msichana Kyabu aliosha vyombo huku akisikiliza honi za treni kutoka upande wa stesheni ya Kamina. Jumamosi hiyo vyombo vilingoja. Katikati ya ua ilisimama injini ya boti, imefungwa kwenye ubao imara, mguu wake umezama ndani ya pipa la maji.

Injini hiyo ilikuwa ya mama yake, Mama Marceline, aliyesafirisha watu na samaki kwenye Ziwa Kisale. Kila alipopata mapumziko aliirudisha Kamina kwa lori ili itengenezwe kabla ya kurudi kazini.

"Edmond," mama alimwambia kaka mkubwa wa Kyabu, huku akijifunga kitenge aende sokoni, "leo njo kazi yako, ndiyo yako weye. Suuza moteri, safisha buji, badilisha oili ya gia. Kesho tunapanda lori sisi wote, maana shule imefungwa. Kyabu atakupa vyombo vya kazi tu."

"Ndiyo, mama," alijibu Edmond, ambaye alikuwa na miaka kumi na sita. Alingoja mpaka mama apotee barabarani, kisha akavaa viatu vyake vya mpira.

"Yaya, unaenda wapi?" Kyabu alimwuliza kaka yake.

"Uwanjani. Weye unajua kila kitu, si kila mara unamwangalia mama? Fanya."

"Mama alisema weye!"

"Basi iache. Isipotengenezwa, hatuendi ziwani. Na weye njo unapenda kwenda."

Akacheka, akaondoka. Kyabu alimtupia ganda la muhogo, halikumfikia.

Aliifanya kazi huku akinung'unika. Aliiwasha injini ndani ya pipa ili maji safi yatoe matope. Alizifungua buji zinazowasha moto, akazisugua mpaka zikang'aa. Aliuinua mguu wa injini kutoka pipani, akafungua skrubu zake mbili, ya juu na ya chini, oili nyeusi ikamwagika yote. Kisha akasukuma oili mpya kutoka tundu la chini hadi ikachungulia kwenye tundu la juu, akalifunga la juu kwa nguvu. Ilibaki skrubu moja tu, ile ya chini, pamoja na kipete chake cha mpira kinachozuia maji.

Wakati huohuo Edmond alirudi mbio, mama akija nyuma kwa mbali. Aliokota haraka kitambaa cha oili na kujifuta nacho mikono mama akiingia langoni.

"Mama, nimemaliza!"

Mama alizitazama buji zilizong'aa. "Ah, mwanangu! Sasa uko mwanaume wa kweli. Ziwani weye utashika usukani. Kyabu, weye utatoa maji kwenye boti na kopo."

Edmond alimkonyeza dada yake. Machozi ya hasira yalimjaa Kyabu, lakini hakutaka Edmond ayaone. Aliinama, akaingiza skrubu ya chini kwa vidole tu. Kipete alikitupa kwenye maganda ya mihogo. Turnavisi, ile bisibisi ya kukazia, hakuigusa.

"Acha oili imwagike mbele ya mama," alijisemea. "Tuone kama atamsifu tena."

Lakini mama hakuchelewa. Aliifunga injini kwa magunia papo hapo, kabla tone la oili halijatoka, tayari kwa safari. Wakati wa chakula Kyabu alifungua kinywa aseme. Akamwona Edmond amekaa kwenye kiti cha heshima, mama akimchagulia kipande kikubwa cha samaki. Akakifunga kinywa.

Siku ya kwanza ya kazi ziwani walichukua abiria kutoka kijiji cha wavuvi, kuwapeleka mji wa Kinkondja. Kati yao alikuwamo Mama Ngoie, aliyempakata mtoto mchanga mwenye homa kali. Alikuwa anamkimbiza kituo cha afya. Edmond alishika usukani, kifua mbele.

Walipofika katikati ya ziwa, injini ilianza kusaga kama inatafuna mawe.

"Zima!" mama alipiga kelele. "Zima haraka!"

Aliinua mguu wa injini kutoka majini. Tundu la chini lilikuwa wazi. Skrubu haikuwapo, na kilichotoka kilikuwa cheupe kama maziwa: oili iliyochanganyika na maji.

"Edmond! Ulifunga namna gani hapa?"

Abiria walianza kufoka wote kwa pamoja. "Munataka kutuua?" mmoja alisema. Mama Ngoie alilia, "Mtoto wangu anaungua! Tutafika saa ngapi?"

"Si minyi, mama!" Edmond alisema, akimnyooshea dada yake kidole. "Kyabu njo alifanya kazi yote!"

"Yote? Uliniambia ni weye!"

Edmond alitazama miguu yake. "Nilikuwa uwanjani."

Hatimaye uongo wa Edmond ulikuwa umejulikana mbele ya watu, kama Kyabu alivyotaka. Lakini mtoto wa Mama Ngoie alikohoa kidogo, sauti nyembamba, na Kyabu hakuona furaha yoyote.

"Mama, skrubu niliiacha bila kuikaza, makusudi," alisema. "Nilikasirika. Nilitaka oili imwagike nyumbani ili umkaripie yaya."

Mama aliinua mkono kama atakayempiga, akaushusha. Alichukua makasia mawili, akawarushia watoto wake miguuni.

"Pigeni. Na nisisikie neno."

Walipiga kasia jua likiwachoma. Mvuvi mmoja, Monga, alitokea na mtumbwi mwepesi. Mama alimwita kwa kelele, naye akamchukua Mama Ngoie na mtoto, akatangulia nao. Wengine walifika Kinkondja jioni, mikono ya Kyabu ikiwa na malengelenge. Abiria walishuka bila kuaga.

Mama alikwenda kwanza kituo cha afya. Alirudi na habari kwamba mtoto amepewa dawa na ameanza kunyonya. Asubuhi fundi aliufungua mguu wa injini. Gia zilikuwa na mikwaruzo, lakini hazikuvunjika. Mama aliwaamuru watoto wake wote wawili waukaushe, watie oili mpya, wafunge skrubu mpya na kipete chake. Kisha akaikagua kazi yao kwa mkono wake mwenyewe.

Bado alikuwa amekasirika.

"Edmond, ulichukua sifa ya kazi ya dada yako. Huo ni wizi. Kuanzia leo kazi yako utaifanya mbele ya macho yangu." Akamgeukia Kyabu. "Weye ulikuwa na haki ya kukasirika. Ungenijia hata kwa kelele, ningekusikia. Lakini hasira yako uliitia ndani ya injini, ikaenda kumpiga mtoto ambaye hajakukosea kitu. Mtu akikuonea, mwambie yeye, au uniambie minyi. Kazi ukiishika, imalize vizuri, maana watu wanaweka maisha yao juu yake. Na minyi pia nilikosa. Niliamini maneno, sikugusa hata skrubu moja."

Mama akajifuta oili mikononi.

"Sasa nendeni kwa Mama Ngoie. Kila mtu aombe radhi kwa kinywa chake mwenyewe."

Edmond alitaka kubaki nyuma. Kyabu alimtazama moja kwa moja usoni.

"Yaya," alisema, "bado nimekukasirikia. Twende."

Wakaenda.