Spika za Marehemu

Rafiki yangu ni fundi redio, na anachoogopa duniani ni shoti ya umeme tu. Shangazi yake, mjane, alimwita aunganishe redio, televisheni na simu kwenye jozi moja ya spika alizoacha marehemu mumewe. Mzee yule hakupenda kelele. Sauti ikizidi kidogo aligonga ukuta, ngo, ngo, ngo, na nyumba nzima ikanyamaza.

"Leo zitaimba mpaka bati lilie," shangazi akaapa.

Umeme ukakatika fundi akiwa nyuma ya kabati. Mapazia yalikuwa yameshushwa, chumba kikawa giza totoro. Ndipo spika zikagonga: ngo, ngo, ngo. Nyaya za spika fundi bado alikuwa nazo mkononi, hajaziunga popote.

Akainuka akimbie. Shangazi akamshika bega.

"Tulia, mwanangu. Nilimnyamazia akiwa hai, sasa hanipati!"

Akaanza kuimba. Spika zikagonga tena. Naye akapaza zaidi.

Kisha sauti yake ikapungua taratibu, kama redio inayopunguzwa, mpaka ikazimika. Lakini shangazi hakuwa ameacha. Rafiki yangu alihisi pumzi zake shingoni, na mkono wake begani ukipiga mapigo ya wimbo, ubeti baada ya ubeti.