Dada wa Anselmo

“Na wewe ni nani wake?”

Swali lilimkuta Larissa bado amesimama, mkoba begani, jasho la kupanda kilima cha Morningside, hapo Durban, halijamkauka. Alikuwa amekuja kugombana. Njia nzima kutoka mjini, ndani ya teksi, alikuwa akipanga matusi yake kwa Kifaransa, moja baada ya jingine. Lakini mwanamke aliyemkuta kwenye baraza ya hoteli hakuwa yule aliyemtarajia. Alikuwa mama wa makamo, mvi zimekatwa fupi, miwani inaning’inia kifuani, viganja vigumu kama vya mkulima.

“Mimi?” alisema Larissa. “Mimi ni dada yake.”

Hakujua neno lile limetoka wapi. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Yote yalianza jana yake. Anselmo aliacha simu mezani akaenda kuoga, meseji ikaingia: “Anselmo caro, chumba chako kiko tayari. Baba anakungoja kwa hamu. Ornella.” Caro, yaani mpenzi. Mtoto wa Bukavu aliyesomeshwa na masista hahitaji kamusi kwa neno kama hilo. Larissa alisoma, akairudisha simu palepale, akaendelea kukatakata sombe, kisamvu cha kwao, kana kwamba hakuna kitu. Asubuhi alimpigia Clementina, aliyekuwa akifanya kazi na Anselmo kwenye mgahawa wa Kitaliano. Clementina akamtajia hoteli.

Anselmo alikuwa Mgogo wa Hombolo, Dodoma, mtoto wa mkulima wa zabibu. Pale mgahawani yeye ndiye aliyesimamia mvinyo. Larissa alisuka nywele saluni, katikati ya jiji. Walikuwa pamoja miaka mitatu, na kanisani watu walishaacha kuuliza harusi ni lini. Waliona aibu kuuliza tena.

“Dada yake!” Ornella aliinuka, akamvutia kiti. Alikuwa amesoma Lyon ujanani, Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko cha wateja wengi wa saluni. “Keti, keti. Hakuniambia kama ana dada hapa.”

“Hasemi mengi.”

“Hilo nimeliona. Ngoja uonje kitu atakachokuja kukitunza.”

Akammiminia mvinyo mwekundu, mzito, karibu mweusi. Larissa akaonja, uso ukamkunjamana.

“Mchungu.”

“Ndiyo jina lenyewe, Amarone. Zabibu zake hatuzikamui mbichi. Tunavuna, tunazilaza darini kwenye vichanja, zinakauka polepole mpaka baridi inapokolea. Ndipo tunakamua. Wazee wetu wanasema zamani mvinyo wa kule ulikuwa mtamu. Mtu akasahau pipa moja, sukari yote ikaliwa na chachu, ukabaki huu.”

Akasimulia kwao, Valpolicella, milima iliyo karibu na mji wa Verona, Italia. Shamba la ukoo wa Zorzanello lilikuwa la babu wa babu yake. Kaka yake alihamia Milano, anataka liuzwe. Amebaki yeye na baba yake, mzee ambaye kila asubuhi bado anapanda ngazi za darini kunusa zabibu.

“Nataka mtu wa kukaa,” alisema. “Kuna kijana tuliwahi kumwajiri, mchumba wake akabaki kwao. Siku moja akaondoka bila kuaga, mimi na baba tunaumwa homa, hakuna wa kufungua madirisha ya dari. Ukungu ukaingia. Mavuno yote tukatupa. Kwa hiyo kaka yako nilimuuliza waziwazi: huku unaacha mtu?”

“Akasema nini?”

“Akasema hana mtu. Nikamuuliza tena, akarudia. Ni kweli?”

Larissa aliitazama glasi. Angeweza kusema neno moja tu, na kazi ya Anselmo ingeishia pale mezani.

“Kama amesema mwenyewe,” alijibu, “basi ni kweli.”

Ornella akafurahi. Akamwalika chakula cha mchana siku ya Jumamosi, mgahawani, mbele ya wanunuzi wa mvinyo wake.

*

Anselmo alifika saluni jioni ile ile, anahema.

“Lari, Ornella kanipigia. Anasema kaonana na dada yangu. Dada gani?”

“Miye.”

“Kwa nini umemwambia hivyo?”

“Ulitaka niseme niko nani? Weye ulishasema hauko na mtu. Nilitafuta kiti chenye kilibaki, nikakaa.”

Wateja wawili chini ya mashine za kukaushia nywele waliinua vichwa. Anselmo akashusha sauti.

“Tutoke nje tuongee.”

“Ongea hapa. Nina mikono ndani ya nywele ya mutu.”

“Ningekwambia, Lari. Nilikuwa natafuta namna. Wewe una makaratasi ya ukimbizi, kupata ruhusa ya kusafiri ni shughuli. Nikasema nitangulie, nijipange, halafu...”

“Halafu ungenifufua?”

Anselmo akaokota kitana sakafuni, akakiweka mezani.

“Sikiliza, Anse. Kwenda, hata miye ningekusukuma uende. Baba yako amelima zabibu maisha yake yote, najua hiyo kazi ni nini kwako. Lakini mutu anakuuliza mara mbili, mara mbili unanikana. Juu ya nini?”

“Niliogopa.”

“Sawa. Ogopa. Jumamosi nitakuja kula, dada amealikwa.”

*

Jumamosi alivaa gauni la kijani aliloshonewa kwa ajili ya Pasaka. Alikwenda kwa sababu moja: alitaka kumpa nafasi. Hakumwambia mtu, hata Clementina.

Wageni walikuwa wengi, wenye mahoteli na wenye maduka ya vinywaji. Ornella alieleza habari za shamba, za baba yake, za dari. Kisha akamshika Larissa bega.

“Na huyu ni dada wa Anselmo, kijana mtakayesikia habari zake kutoka kwetu.”

Watu wakapiga makofi. Anselmo alikuwa amesimama hatua chache tu, chupa mkononi. Clementina, aliyebeba sahani, akasimama kama aliyegongwa. Larissa alimtazama Anselmo. Hakukunja uso, hakumkonyeza. Alimtazama tu.

Midomo ya Anselmo ilifunguka. Ikafungika. Akainama, akammiminia mvinyo mgeni wa karibu.

Larissa alisubiri amalize meza nzima. Alipofika kwake, akaifunika glasi kwa kiganja.

“Asante, kaka,” alisema.

Akachukua mkoba akatoka. Kwenye robot ya kwanza, taa za kuongozea magari, teksi ya abiria iliposimama, mama mmoja wa Kizulu aliyeketi pembeni yake alimtazama usoni, akasema “Eish, sisi,” yaani dada, akampa tishu bila kuuliza kitu.

Simu ikaita kabla hajafika nyumbani.

“Shoga, uko wapi?” alikuwa Clementina. “Umeondoka mapema mno!”

“Nilishaona chenye nilitaka kuona.”

“Hujaona kitu! Wakati wa nyama Anselmo kaweka chupa chini, kaongea mbele ya watu wote. Kasema yule si dada yangu, yule ndiye mwanamke ninayetaka kumuoa, nilimficha kwa sababu ya kazi.”

Larissa akaikunja ile tishu kiganjani.

“Na yule mama kamnyang’anya kazi palepale. Kasema kwenye dari yake hakuna askari wa kulinda, kuna kuaminiana tu. Meneja naye kafura. Unanisikia?”

“Nakusikia.”

“Unasemaje sasa?”

“Alingoja mpaka nyama, Clementina. Miye nilihukumiwa tangu saladi.”

Akakata simu. Meseji ya Anselmo ilikuwa inamsubiri: “Nimesema. Nilipaswa kusema ukiwepo. Sikuombi kitu.” Akaisoma, akaacha bila kujibu.

*

Siku mbili baadaye Larissa alirudi hotelini. Masanduku ya Ornella yalikuwa tayari mlangoni.

“Dada,” alisema Ornella kwa ubaridi.

“Nimekuja kwa sababu ya hilo. Kazi umemnyang’anya kwa uongo wake. Na wangu je? Mimi nilikula meza yako nikiwa na jina la uongo, na hakuna aliyenilazimisha.”

“Kwa nini ulifanya vile?”

“Nilikuja kukutukana. Nilipokuona, nikaona kazi ni ya kweli. Nikashindwa kuiharibu. Nikashindwa pia kumsamehe. Neno lile likanitoka katikati.”

Ornella alivaa miwani, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

“Na leo unamwombea?”

“Nakwambia nilichokiona tu. Alinyamaza nikiwepo, hilo ni kosa lake kwangu. Lakini alisema nikiwa nimeshaondoka, wakati kunyamaza kungemletea faida. Mimi nina haki ya kumkasirikia. Wewe, sijui kama utapata mtu mwingine wa namna hiyo.”

“Utamsamehe?”

“Hilo sijaamua.”

Ornella alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

“Nilikuwa na mtu ujanani. Alitaka tuhamie Lyon, mimi nikachagua shamba. Sijuti, lakini sitaki mtu mwingine achague hivyo kwa ajili yangu. Mavuno ya mwaka huu nitamtafuta mwingine. Ya mwakani, nyumba ya chini ya shamba ina vyumba vitatu. Mje wote wawili, au asije yeyote.”

Larissa alitoka na jibu hilo. Hakumpelekea Anselmo. Kama Anselmo angemrudia, aje kwa ajili ya Larissa mwenyewe, bila Italia mfukoni.

*

Majuma yakapita. Anselmo hakupiga simu usiku kulialia, hakutuma maua. Mgahawani walimbakiza, akaendelea kufungua chupa za watu. Kisha Jumapili moja, baada ya misa, akafika Isipingo, kusini mwa jiji, kwa tantine Agathe, shangazi aliyemlea Larissa, akiwa na mzee Marwa, mfanyabiashara kutoka Musoma, kama mshenga wake.

Tantine Agathe aliwakaribisha, akawapa fanta, akamgeukia Anselmo.

“Tumesikia kwa kanisa kama weye uko kaka yake. Sasa kaka anakuja kuoa dada? Kwetu Bukavu haiko vile.”

Wajomba wa Larissa, walioketi ukutani, wakaangua kicheko. Mzee Marwa akafungua kinywa kumtetea, Anselmo akamgusa goti.

“Acha niseme mwenyewe, mzee.” Akamwelekea tantine. “Mama, nilimkana. Niliulizwa mara mbili nikamkana mara mbili, na mara ya tatu nilinyamaza akiwa mbele yangu. Kazi niliyoitamani imekwenda, nami sina pa kumpeleka zaidi ya hapa hapa Durban. Nimekuja kusema mbele ya watu wake kile nilichoshindwa kusema mbele ya wageni. Akikataa, nitaelewa.”

Tantine akaita jikoni.

“Larissa! Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Unasema nini?”

Larissa alitoka akifuta mikono. Akasimama mbele ya Anselmo.

“Nakubali,” alisema. “Lakini mahari iwe nzito. Ajue mwenye alikuwa anamukana ni nani.”

Vigelegele vikapanda.

Baadaye wakasimama wawili uani, kando ya kamba ya nguo. Larissa akamweleza yote: safari ya pili hotelini, mavuno ya mwakani, nyumba ya vyumba vitatu. Anselmo alisikiliza kinywa wazi.

“Kumbe muda wote huu ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Kwa hiyo tunakwenda!”

“Polepole. Nimesema nakubali kuolewa. Kwenda sijasema.”

“Lari...”

“Huko niko na nani? Nywele ya nani nitasuka? Baridi yenyewe naisikia tu. Na makaratasi ya safari tuombe, tungojee, tuone kama watatoa. Safari hii hautaamua peke yako.”

“Sitaamua peke yangu.”

Walifunga ndoa baada ya Krismasi, kanisani, katikati ya jiji. Clementina akawa msimamizi, na tantine Agathe akacheza mpaka kiatu kikakatika. Ruhusa ya kusafiri ilichukua miezi. Ilipotoka, Larissa alikaa nayo juma zima kabla ya kusema lolote. Kisha asubuhi moja, Anselmo anafunga kamba za viatu aende kazini, akamwambia:

“Mwandikie Ornella. Mwambie tunakuja msimu mmoja wa mavuno, tuone. Na mwambie mke wako anauliza kama kule kuna wanawake wenye nywele ndefu.”