Alama Tatu za Vema

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, Kidole alifungua madirisha ya chumba cha kompyuta, akafuta vumbi na kukagua nyaya. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu alichapa haraka kuliko mwalimu. Msichana huyo aliringa nalo kama taji.

Muhula huo mwalimu wa kompyuta alimpa kazi ya heshima. Shule ilikuwa imepata programu huria ya hesabu, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuigawa bure. Kidole alitakiwa aijaribu kwenye kila mfumo wa kompyuta uliopo, kisha aandike orodha. Ikifunguka, aweke vema. Ikigoma, aweke kosa. Orodha ingepelekwa shule nyingine.

Kompyuta mpya alizimaliza kwa siku mbili. Zikabaki kongwe tatu za pembeni, ambazo kuwaka tu ni dakika kumi.

"Imekubali kote huko, igome hapa?" alijisemea. Akaweka vema tatu, akaenda zake kucheza.

Wiki ya tatu baada ya orodha kupelekwa, darasa likiwa kwenye kipindi cha kompyuta, mlango ulisukumwa kwa kishindo. Mwalimu wa kike wa shule jirani aliingia, orodha ameikunjakunja mkononi.

"Nani kaandika takataka hii?"

"Huyo hapo!" alidakia mvulana mmoja aliyeitwa Mdomo. "Bingwa mwenyewe!"

Mgeni alimsogelea Kidole. "Kompyuta zetu zote ni kongwe. Nimefuta programu yetu ya zamani, nikaweka hii kwa kuamini vema zako. Haifunguki hata kwenye moja! Keshokutwa wanafunzi wangu wana mtihani. Uliijaribu, hukuijaribu?"

Angeweza kusema siku ile ilifunguka. Uongo ulishafika kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza.

"Sikuijaribu. Nilikisia."

"Kumbe Kidole cha kukisia!" Mdomo akapasua kicheko, darasa zima likamfuata.

"Funga hilo domo!" mwalimu wao alifoka. Kisha akamgeukia Kidole, uso umekaza. "Washa kongwe zako. Hutoki humu bila jibu."

Hakuna aliyemsogelea kumsaidia. Programu iligoma. Akatafuta toleo la nyuma yake, likagoma pia. Toleo la miaka minne nyuma lilisuasua, kioo kikawa cheusi, halafu hesabu zikatokea. Akarudia kwenye kongwe ya pili, likafunguka. Ya tatu, yenye mfumo wa zamani zaidi, haikuwaka kabisa. Kidole alishika kalamu kwa muda, kisha akaandika: "Haijajaribiwa."

Mgeni aliisoma orodha mpya mstari kwa mstari. "Toleo hili umeliona likifunguka kwa macho yako?"

"Kwenye mbili, mwalimu. Hiyo ya tatu sijui."

"Zetu ni kama hizo mbili. Nipe." Akaondoka bila asante.

Siku ya mtihani mgeni alimwandikia mwalimu wa kompyuta ujumbe wa neno moja: "Zimefunguka."

Mwalimu alimwonyesha Kidole ujumbe huo. "Unajua kwa nini alikuamini tena? Ni ule mstari wa tatu. Anayethubutu kuandika kwamba hajajaribu, vema zake zina maana. Vema ni ushahidi, mwanangu, si pambo. Sasa anza orodha upya, yote."

"Hata zile mpya?"

"Zote. Na Mdomo atakaa nawe akisubiri kongwe ziwake. Tuone kama kicheko kitadumu dakika kumi."