Mpiga Tarumbeta wa Nyuma ya Pazia

— Leo uivute hiyo kamba ya pazia, la sivyo mimi na wewe basi.

Mchumba wangu alisema hivyo huku akifuta tarumbeta kwa pindo la shati. Tulikuwa nyuma ya jukwaa, kwenye ukumbi wa dansi wa wazungu. Sheria ya pale, mweusi huingia kwa mlango wa jikoni na kupigia muziki nyuma ya pazia. Mbele husimama mpwa wa meneja, mzungu, na tarumbeta mdomoni, anavimbisha mashavu tu. Makofi yote yake. Mimi nilikuwa mfagiaji, pazia nalifungua wageni wakishaondoka.

— Wakikupiga je?

— Wanipige wameniona. Au unataka kuolewa na sauti?

Meneja akatokea.

— Binti, leo yupo bwana wa redio. Pazia likitikisika tu, kazi huna.

— Ndiyo, bwana.

Mchumba wangu akacheka kwa pua.

— “Ndiyo, bwana.” Umeshazoea wewe.

Iliniuma. Muziki ukaanza, nami nikachungulia penye upenyo.

Yule mpwa alikuwa amelewa. Katikati ya wimbo akashusha tarumbeta, akamkonyeza msichana wa meza ya mbele. Tarumbeta huku nyuma inalia vilevile. Watu wakaangua kicheko. Bwana wa redio akasimama.

— Nani anayepiga?

Nikaivuta kamba.

Pazia likafunguka. Mchumba wangu kafumba macho, jasho linamtiririka, anapuliza.

— Funga, binti!

— Kamba imekwama, bwana.

— Nimesema funga!

— Mwache amalize, akasema bwana wa redio.

Wengine walichukua makoti wakaondoka. Waliobaki walipiga makofi wamesimama. Mimi nikafukuzwa usiku uleule.

Njiani mchumba wangu akaniuliza:

— Ilikwama kweli?

— Nilikuwa nimeikanyaga.

Akanishika mkono.

Bwana yule akampa nafasi apige redioni, jina lake likatajwa. Wiki haijaisha, meneja akapiga simu dukani kwa shangazi yangu, mchumba wangu akaipokea. Nilikuwa nimesimama pembeni na shangazi, sauti ya meneja naisikia.

— Wageni wanakuulizia. Njoo, upige mbele.

— Nitakuja. Ila mke wangu ataingia kwa mlango wa mbele, akae meza ya mbele.

— Mke wako ndiye nani?

— Uliyemfukuza.



— Mlete.

Mchumba wangu akakata simu. Nikamwangalia.

— Mke wako tangu lini?

— Tangu ulipomdanganya meneja mbele ya watu wote wale. Shangazi, tutafutie siku ya harusi.